Nani Atafungua Mlango Saa Saba na Nusu

Jumapili, 2 Februari 2025

Barua imefika! Nimeisoma mara nne nyuma ya kabati la dawa za kifua, ili wenzangu wasinione nikicheka peke yangu. Mkuu wa famasi, Nizwa. Kuanzia Septemba. Miaka kumi na mbili nahesabu vidonge hapa Sur, pwani ya Oman, leo ndiyo wamenikumbuka. Jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimempigia Mahrous. Mume wangu yuko kwenye visima vya mafuta – wiki tatu jangwani, wiki tatu nyumbani, ndiyo maisha yetu. Kafurahi kwelikweli. Halafu akasema kwake yeye Sur na Nizwa ni mamoja, jangwa halihami. Rahisi kwake!

Sasa mambo ya nyumbani. Lujain ana miaka minane, Muadh yuko chekechea, Septemba anaingia darasa la kwanza. Basi la skuli linawaleta saa saba na nusu mchana. Mimi nafika nyumbani saa tisa, siku ikiwa njema. Mwanamboka aliyekuwa akitusaidia karudi Tanga tangu Desemba kuozesha binti yake, na kila nikimwuliza atarudi lini ananitumia picha za harusi. Kwa hiyo anayewafungulia watoto mlango ni Mama – mama yake Mahrous, Bi Saliha. Nakaa naye hapa mtaa wa Aija tangu niolewe. Bila yeye sina kazi Nizwa. Bora niliandike wazi.

Nimemwambia baada ya alasiri, anachambua mchele. Kasema hongera, Mungu akuzidishie. Nikamwambia twende sote, Mama, na wewe.

"Mie nende wapi, mwanangu? Nshazeeka. Nendeni salama."

Akaendelea na mchele wake. Basi. Kakataa.

Jumatano, 5 Februari

Tuseme atabadili mawazo. Nimeanza kazi ya skuli. Za serikali unapangiwa kwa mtaa unaokaa, kwa hiyo kuchagua nyumba ndiyo kuchagua skuli. Muadh lazima aandikishwe kwenye tovuti, na anwani ya nyumba mpya, kabla ya Jumatano tarehe 26, saa nane mchana. Akichelewa atapelekwa popote penye nafasi.

Nimetengeneza jedwali kwenye kompyuta. Nizwa mjini, na Birkat al Mauz na Bahla zilizo karibu yake. Idadi ya watoto darasani, Kiingereza, basi, umbali, kivuli cha uwanja, safu kumi na moja kwa jumla. Nimepaka na rangi. Nimejiunga pia na kundi la WhatsApp la akina mama wa Nizwa, wako mia mbili na kumi na nne. Nikauliza skuli gani nzuri. Kila mmoja kasema ya mwanawe! Kisha wakagombana habari ya kantini mpaka mwenye kundi akawafunga midomo wote.

Mama kaja nyuma yangu na miwani yake. Kauliza hii kijani ndiyo nini. Nikasema kijani ni nzuri, nyekundu ni mbaya. Akatazama weee.

"Na wapi umeandika kama watoto wa hapo wana adabu?"

Nikamwambia hilo halihesabiki, Mama.

"Lahesabika. Ila wewe hujui kulihesabu."

Miaka kumi na moja naishi na mwanamke huyu. Wazazi wangu ni watu wa Bujumbura waliohamia Maskati, nilikuja kwake nikisema shule na sikuona ubaya. Siku hizi hata humu daftarini naandika skuli. Ndivyo alivyo. Hakuamrishi, anakusahihisha mpaka uchoke.

Alhamisi, 6 Februari

Mama kasema atakuja nami kuziona hizo skuli. "Kuona tu," kakazia. Kashatayarisha chupa ya kahawa, kopo la tende na kiti chake cha kukunja. Nimeuliza kiti cha nini. Kajifanya hasikii.

Jumapili, 9 Februari

Jana tumelala Ibra kwa Azza, wifi yangu. Watoto tumewaacha kwake, wamefurahi kukosa skuli ili sisi tukatafute skuli. Asubuhi tumeendesha mpaka Nizwa, mimi na Mama, redio imezimwa kwa amri yake.

Mudira, yaani mwalimu mkuu wa skuli ya mjini, kanipokea vizuri. Ofisi baridi, vikombe vya ushindi kabatini, watoto thelathini na wanne darasani, maabara mpya ya kompyuta. Nimeandika kila kitu. Kijani, kijani, kijani.

Mama hakutaka kuingia. Kakunjua kiti chake kwenye kivuli cha ukuta karibu na lango, anangoja watoto watoke. Nilipomaliza nikamkuta na mlinzi, madereva wawili wa mabasi na mama mmoja mwenye kichanga – wote wana vikombe mkononi, wote wanazungumza kwa pamoja. Kumbe ndiyo kazi ya kiti!

Kwa saa moja u nusu kapata haya: mwalimu wa darasa la kwanza ana mimba, Oktoba hayupo, na wa badala hajapatikana. Basi namba saba halina AC tangu Idi. Maji ya kunywa yako upande wa wakubwa, wadogo wanaogopa kwenda. Mudira hakunigusia hata moja.

Kisha ikaja hesabu yake mwenyewe. Watoto arubaini wa mwanzo kupita mbele yake.

"Sita wametoa salamu. Sita, Badriya! Mtu mzima nimekaa pale kama gunia la mkaa."

Skuli imefeli. Nimejaribu kumtetea mudira, nikaambiwa kikombe cha ushindi hakimsalimii mtu.

Jumatatu, 10 Februari

Birkat al Mauz. Migomba mpaka mlangoni mwa skuli. Ndogo, watoto ishirini na wawili darasani, Kiingereza si kikubwa, uwanja una kivuli. Jedwali limechanganyikiwa rangi. Na kuna nyumba ya kupanga dakika tano kwa miguu! Mwenyewe ni mzee Marzouq, kazaliwa Tabora. Alipomsikia Mama akisema Kiswahili alisahau kabisa kunionesha jikoni. Nimeiona kwa nje na chumba kimoja kikubwa cha juu, wao wakabaki barazani wanaulizana nani yuko wapi na nani kafa.

Langoni: thelathini na moja kwa arubaini! Mtoto mmoja wa kike kamwuliza Mama kama kapotea, ampeleke kwao. Mama kacheka mpaka katoa machozi. Nikasema moyoni, imekwisha, tumepata.

Wapi! Hatujafika barabara kubwa kaanza. Falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, iko wazi, Muadh atatumbukia. Jua la mlimani kali. Na samaki? "Samaki hapa wanafika wamechoka." Bahla ndiyo hakutaka hata kushuka garini. Kasimuliwa habari za wachawi wa Bahla akiwa mdogo na hajazisahau. Nikamwambia kuna mitungi mizuri. Akasema mitungi watamletea.

Nimeendesha mpaka Ibra. Sasa najua. Anatafuta kasoro ili tusiende.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeandika barua ya kukataa cheo. "Kwa sababu za kifamilia." Nimeiandika vizuri mno, ingekuwa insha ningepata alama zote. Iko kwenye pochi.

Nimelia kidogo chooni kazini. Nikanawa uso, nikatoka nikamweleza mzee mmoja dawa zake za presha mara tatu.

Mahrous kwa simu: kwani Mama anaombwa? Yeye ndiye nyumba. Maneno matamu! Lakini nyumba yenyewe imesema haiendi. Simwelewi Mama. Nampenda na nina hasira naye, vyote pamoja, sioni haya kuandika. Leo kawapikia watoto mkate wa kumimina, na kipande kikubwa kaniwekea mimi. Nimekila kwa hasira. Nikaongeza cha pili.

Jumanne, 18 Februari

Kuuliza si ujinga, ila mimi ningeuliza mapema!

Azza kapiga simu kutoka Ibra. Kasema Mama kamlalamikia kwamba hakualikwa. Hakualikwa! Nikamwambia nilimwambia siku ileile ya barua, tena kabla ya chakula kuiva.

"Mara ngapi?"

Mara moja, nikasema.

Azza akapiga kelele. Mara moja, kama unamkaribisha jirani chai! Mtu mzima anaombwa mara tatu. Ya kwanza anakataa kwa adabu. Ya pili anakataa ili ajue kama mnamtaka kweli. Ya tatu ndiyo anajibu. "Na wewe umemkubalia ya kwanza, bibi wee. Kaona mmepumua."

Nimekaa kitako. Kwetu ukisema sitaki, sahani inaondoka. Tena ndivyo ilivyokuwa siku ya posa! Mama yangu alimkaribisha Bi Saliha biriani, Bi Saliha akasema ahsante, nimeshiba, na mama yangu – mtu wa Bujumbura, anaamini anachoambiwa – akaondoa sahani. Bi Saliha akatoka Maskati mpaka Sur na njaa. Kisa hiki nakisikia kila Idi. Wote wanacheka, nami nacheka. Miaka kumi na moja nacheka na sikujua nafundishwa nini.

Nikamwuliza Azza, na yale malalamiko yote ya njiani? Falaji, jua, samaki?

"Asiyetaka kwenda anauliza samaki?"

Barua nimeichana. Vipande nimevitia kwenye taka za jirani, wa kwetu asije kuvikuta.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwomba mara ya pili. Kahawa nimeipika mwenyewe, halwa nimenunua, nimevaa na kanga aliyonipa. Kaniangalia tangu kichwani mpaka miguuni, nadhani alidhani naomba mkopo. Nikasema Mama, tunakutaka Nizwa. Kasema atakuwa mzigo. Kasema magoti. Kasema Aija anajua kila mlango na kule hata duka la mkate halijui.

Amekataa! Alhamdulillah! Nimetoka chumbani nikicheka, Lujain kaniuliza kuna nini. Nikasema Bibi kakataa. Mtoto kabaki ananitazama.

Ya tatu nitaiomba Jumatatu, baada ya Mahrous kurudi. Haraka haina baraka, nimejifunza.

Jumapili, 23 Februari

Mahrous! Mahrous, mume wangu, baba wa wanangu!

Kafika jana kutoka jangwani, nikamweleza yote. Nikamwambia niachie mimi. Akasema inshallah. Leo mchana, tumekaa kula, Mama anamtolea Muadh miiba ya samaki, mwanamume kafungua kinywa:

"Mama, khalas, usijali kitu. Nshazungumza na Marzouq, nyumba ya Birkat al Mauz tumeipata. Chumba chako cha chini, karibu na choo, magoti yako yapumzike. Mizigo ntafunga mie mwenyewe."

Kajisikia fahari! Alitegemea dua.

Mama kaweka mwiba pembeni ya sahani. Kanawa. Kaingia chumbani kwake. Hakutoka mpaka alasiri, na alipotoka hakusema na mtu ila Muadh.

Mahrous kaniuliza kwa sauti ndogo kasema nini kibaya. Kachagua chumba kizuri kweli. Jumatatu siwezi tena kumwomba, jeraha bado bichi. Na Jumatano tovuti inafungwa.

Jumatatu, 24 Februari

Mama kanyamaza. Nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Mahrous kamletea kamba wakubwa kutoka sokoni. Kawapika, katugawia, yeye hakuonja.

Jumanne, 25 Februari

Ya tatu.

Nimegonga mlango wake baada ya alasiri. Nimekaa chini kwenye mkeka, si kitandani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu juzi, yote yamenipotea. Nikasema Mama, sikuja kukupangia. Naomba uje ukae nasi. Kwa ajili ya watoto, ndiyo, na kwa ajili ya kazi yangu, siwezi kukudanganya. Lakini hata kama nisingekuwa na kazi, nyumba usiyokuwamo mimi siijui.

Nikangoja "haya, inshallah". Azza kaniahidi!

Mama anakunja mtandio, anaukunjua.

"Miaka kumi na moja n'nayo, narudi chuoni na juzuu yangu mkononi, nakuta mizigo ishafungwa. Unguja nimeiaga kwa mgongo. Hakuna aloniuliza. Nina kumi na saba, Jumatatu nimeambiwa naolewa Sur, Alhamisi nipo hapa, sijui hata jiko liko wapi. Marehemu, Allah yarhamu, alikuwa mtu mwema. Nyumba hii kanunua yeye, mie kanionesha ufunguo. Chumba hiki kanichagulia Mahrous, alipokuoa wewe. Na juzi tena, nakula, naambiwa cha chini, karibu na choo."

Chumba hiki tulimpa sisi. Mimi ndiye niliyepachika mapazia, na nilijisifu.

"Wewe ndo wa mwanzo kuniuliza, Badriya. Mara tatu umeniuliza, nimehesabu. Sasa nataka nijibu mwenyewe. Usinikimbize."

Nikasema fikiri, Mama. Hakuna haraka.

Hakuna haraka! Kesho saa nane! Ulimi wangu ulijisemea wenyewe. Lakini sikuurudisha.

Kasema basi kesho nimpeleke Birkat al Mauz. Ile nyumba siku ile hakuiona, aliona baraza tu. Anataka kuingia peke yake, mtu asimfuate.

Mahrous anasema kwa nini nisijaze tu ile anwani sasa hivi, Mama akikataa tutajua la kufanya. Nimemkatalia. Nikijaza kabla hajasema, nami nitakuwa nimemfungia mizigo. Asipokuja, hatuendi, na cheo watampa mwingine. Nimelisema kwa sauti. Mahrous hakubisha. Kaenda kuangalia upepo wa matairi.

Jumatano, 26 Februari

Birkat al Mauz. Naandika garini, daftari limelala kwenye usukani.

Tumetoka Sur baada ya alfajiri, sote watano. Mama kakaa mbele. Kwanza kataka kupita sokoni Nizwa, kawatazama samaki, kauliza wamefika saa ngapi, hakununua. Kisha kataka langoni kwa skuli na kiti chake. Hakuhesabu leo. Kakaa tu. Yule mtoto wa kike wa siku ile kampita na kumpungia mkono, Mama naye kampungia. Mimi naangalia simu. Saa sita. Saa sita na nusu. Saa saba.

Saa saba na robo kasema haya, nyumba.

Marzouq kampa ufunguo, kaingia, kafunga mlango kwa ndani. Tukasikia komeo! Mahrous kacheka, kisha akaacha kucheka.

Nusu saa imepita. Mahrous anazunguka gari. Muadh na Lujain wako ukingoni mwa falaji wanashindanisha majani, mpaka sasa hakuna aliyetumbukia. Fomu iko wazi kwenye simu yangu, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba. Anwani ni tupu. Marzouq kaja dirishani kuniuliza kama bibi kakubali au la, maana kuna mtu wa Izki naye anaitaka nyumba. Nikasema bado hajatwambia. Akasema ningemwambia aharakishe.

"Mwache," nikasema. "Mwache aangalie."

Saa nane kasoro dakika kumi na moja. Mahrous kataka kwenda kugonga. Nimemshika kanzu.

Mama kafungua dirisha la jikoni. Kalifunga. La chumba cha chini hakuligusa. Magoti yake na zile ngazi, sitaki hata kufikiri.

Kasoro dakika saba. Dirisha la juu linafunguka! Kile chumba kikubwa, cha pembeni, kinachotazama migomba yote – tulichokwisha kukipigia hesabu ya kulala, mimi na Mahrous. Mama kaegemea na viwiko vyote viwili, anapumua kwa nguvu. Anatazama skuli. Anatazama watoto. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mahrous kamwita, Mama, vipi?

Hakumjibu. Kanitafuta mimi.

"Badriya! Na nyinyi mtalala wapi?"